Ubani wa Uniti Themanini

Mashine iliingia nyumba ya Mzee Khalfani mwezi wa nane, na ulipofika mwezi wa tisa ilikuwa imeshapata maadui.

Ilikuwa mashine ya kushonea ya umeme, ya mtumba lakini nzima, yenye mota chini ya meza na mngurumo wa nyuki waliochokozwa. Shomari aliinunua baada ya miaka minne ya kushona kwenye vibaraza vya watu huku Temeke, akikanyaga vyerehani vya kukodi. Siku alipoiingiza chumbani aliifuta kwa shuka aliyokuwa akijifunika mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na saba, hana mke, hana mtoto, ana mashine. Na alikuwa na mdomo usiojua kunyamaza, jambo ambalo nyumba nzima ililijua tangu kabla ya mashine.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani choo na jiko. Mzee Khalfani, mwenye nyumba, alikaa chumba cha mbele na mkewe Bi Mwajabu. Mkabala nao alikaa Adelina, mama wa Masasi, muuza barafu na juisi, mwenye friza. Shomari alipakana ukuta na mzee, na mkabala naye alikaa Kasimiri, mchonga vinyago kutoka Newala, mtu wa maneno machache na makali kama patasi zake. Vyumba viwili vya mwisho vilikuwa vya watu wenye familia, wanaotoka alfajiri na kurudi jioni. Kaya sita kwa jumla, na mita ya umeme moja, imepigiliwa ukutani katikati ya ukumbi kama picha ya ukoo.

Kila mtu mtaani alijua habari ya bei mbili. Anayetumia uniti sabini na tano kwa mwezi, au pungufu, serikali inamwonea huruma. Sehemu ya mzigo inabebwa huko juu, naye analipa shilingi mia kwa uniti. Akivuka hapo, huruma inakwisha. Uniti ileile inakuwa zaidi ya mia tatu. Nyumba ya Mzee Khalfani ilikaa miaka upande wa huruma, kwa kubanana na kuzimiana taa. Mwezi wa tisa ikavuka. Mwezi wa kumi zamu ya kununua luku, umeme wa kulipia kabla, ilikuwa ya Adelina; akatoa hela ileile ya siku zote, akaletewa uniti za kumaliza wiki.

Kikao kikakaa ukumbini siku hiyohiyo.

"Friza langu lina miaka sita humu ndani," Adelina alianza, mikono kiunoni. "Pasi zipo, feni zipo, redio ya Kasimiri inayokoroma ipo. Hatujawahi kuvuka. Mwezi wa nane kaja nani?"

"Taja jina, sikutozi," Shomari alisema.

"Nilitaje la nini? Si linanguruma lenyewe kutwa?"

Watu wakacheka. Shomari hakucheka. "Kuna aliyepima mashine yangu inakula uniti ngapi? Mwezi uleule si chumba cha mwisho walikuwa na harusi, taa zinawaka wiki nzima? Mbona harusi haitajwi?"

"Harusi imekwisha. Wewe upo."

Mzee Khalfani aligonga bakora sakafuni. "Mie sipimi," alisema. "Mie naangalia kilichokuwepo na kilichoongezeka. Kilichoongezeka ni mashine. Itoke."

"Itoke iende wapi, mzee wangu? Fremu za duka barabarani wanataka kodi ya miezi sita mbele. Nikiitoa humu nimeiuza."

"Hayo yako."

Hapo ndipo mdomo wa Shomari ulipomtangulia mwenyewe. Alisimama katikati ya ukumbi, akanyoosha kidole kwenye mita. "Nipeni muda. Nakwenda ofisi ya umeme, na bei ndogo nitairudisha hapahapa. Isiporudi, hamna haja ya kunifukuza. Mashine nitaitoa kwa mikono yangu miwili."

"Umesema," Mzee Khalfani alimwambia.

"Nimesema."

"Andikeni tarehe," Kasimiri akaguna kutoka mlangoni kwake. "Fundi nguo kaahidi."

*

Dirishani ofisi ya umeme alimkuta dada mmoja mwenye kibandiko cha jina kifuani: Herieth. Alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilimshangaza Shomari.

"Mita moja, mteja mmoja," Herieth alisema.

"Sie ni kaya sita, dada. Gawanya kwa sita. Kila kaya haifiki hata uniti kumi na tano. Unamjua maskini wa umeme kuliko huyo?"

"Mfumo hauoni vyumba, kaka. Unaona mita."

"Kwa hiyo bwana mmoja anayekaa peke yake Kinondoni, kutwa yuko kazini kwenye kiyoyozi cha watu, huyo anabebwa. Sie tuliobanana kama dagaa kwenye fungu, tunambeba yeye. Ndiyo ruzuku hiyo?"

"Usinipandishie sauti, siyo mie niliyeipanga."

Akamweleza njia mbili. Ya kwanza, mwenye nyumba aombe kila chumba kipate mita yake, nyaya zifumuliwe zote zipangwe upya. Shomari alijua jibu la Mzee Khalfani kabla hajauliza. Ya pili, nyumba ikae miezi mitatu mfululizo bila kupita sabini na tano, ndipo aje ajaze fomu ya kurudishwa bei ndogo.

"Msipite hata nusu uniti," Herieth alisema. "Mkipita, mnaanza moja."

Shomari alirudi nyumbani na miezi mitatu mkononi kama mtu aliyepewa upanga. Mwezi wa kumi na moja, wa kumi na mbili, na wa kwanza. Akawakusanya watu tena, akawapangia: friza lizimwe, pasi iwe ya mkaa, redio isikilizwe taarifa ya habari tu, taa moja kila chumba. Bei ikirudi, kila kitu kitarudi kwa kipimo: friza mchana, mashine saa mbili kwa siku, feni zikipokezana.

"Na mashine yako miezi hiyo mitatu?" Adelina aliuliza.

"Nimeshaichomoa. Mie ndo nianze."

"Msimu wa sare za shule huo unakuja, braza," Kasimiri alimkumbusha. "Utashona kwa meno?"

Hilo Shomari hakuwa amelifikiria. Kabla aibu haijamfika usoni, Bi Mwajabu alimwita kutoka chumba cha mbele.

"Mume wangu, njoo unibebee kitu."

Alikuwa akimwita hivyo tangu siku ya kwanza, kwa utani wa bibi na mjukuu, na Mzee Khalfani alikuwa akijifanya ana wivu. Chumbani, chini ya khanga mbili, kilikuwepo cherehani cha miguu, cheusi, maua ya dhahabu yamefutika mbavuni.

"Wanangu wote wamevaa suruali zilizotoka humo," Bi Mwajabu alisema. "Kanyaga mpaka bei yako irudi. Na hili feni langu, zima. Kaliandike kwenye hesabu zako."

"Feni si lazima, bibi. Joto linakuja."

"Sie tumezaliwa kabla ya feni. Nani kakwambia watu zamani walikuwa wanakufa kwa jua?" Akauchomoa waya mwenyewe, akauzungushia shingoni mwa feni kama anayefunga mbuzi.

Jioni ile Shomari alinunua kopo dogo la rangi nyekundu. Juu ya mita akaandika namba yake kwa tarakimu kubwa, maana mwaka juzi mtu wa chumba cha mwisho alikosea tarakimu moja akamnunulia umeme mtu wa Mbagala asiyemjua. Chini ya namba akaandika beti lililomjia akiwa njiani kutoka ofisini:

*Sabini na tano mwisho, mpangaji na mwenyeji,*
*Atakayevuka kesho, hana tena mfariji.*

Akarudi nyuma hatua tatu kulitazama. Vina vilikaa, mizani ilikaa. Akapiga picha akaituma kundi la mtaa.

"Ukuta wangu," Mzee Khalfani alisema nyuma yake, lakini hakusema lifutwe.

*

Mwezi wa kumi na moja walinunua uniti sabini na mbili. Wa kumi na mbili, sabini na nne, na ugomvi mkubwa juu ya nani aliacha taa ya choo inawaka. Adelina alikuwa akinunua mabonge ya barafu sokoni na kuyapondaponda ndani ya ndoo, nusu ya faida ikiyeyuka njiani. Kila akipita mbele ya mlango wa Shomari alikuwa anaimba, kwa sauti ya kanisani, "Hana tena mfariji." Kasimiri naye alikuwa akisikiliza taarifa ya habari na kuzima redio kabla ya matangazo. Siku moja alichelewa kuzima, sauti tamu ikapenya ukumbini ikisema mwananchi wa kipato cha chini ameshushiwa mzigo wa umeme.

"Huyo mwananchi anakaa wapi?" Shomari alipiga kelele kutoka chumbani. "Atuletee na sie huo mzigo tuuone!"

Mwezi wa kwanza ulikuja na jua la kuchemsha kichwa. Wazazi walileta vitambaa vya sare, bluu na nyeupe, wakavirundika kitandani. Kwa mashine, Shomari angeshona sketi kumi kwa siku. Kwa miguu alitoa tatu, nne akijitahidi, akilala na magoti yamevimba. Wiki ya pili wazazi walianza kurudi kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijakatwa. Mama mmoja alivikusanya vyake. Alivikunja, akavitia mfukoni, akatazama ile mashine ya umeme iliyofunikwa shuka kwenye kona, akamtazama Shomari, akatoka. Lile jicho alikaa nalo wiki nzima.

Lakini mita ilikuwa inatii. Ilipofika tarehe ishirini na nne walikuwa wamenunua sitini na sita. Siku saba, uniti tisa. Aliwaza hivyo akikanyaga, akawaza hivyo akila: saba, tisa.

Siku hiyo mchana Bi Mwajabu alikuwa amelala ukumbini juu ya mkeka, kwa sababu sakafu ya pale ilikuwa na ubaridi kidogo. Khanga ilikuwa imelowa jasho mgongoni.

"Mume wangu," alisema. "Hivi nikiliwasha lile feni kidogo tu, nipate usingizi, itakuwaje?"

Shomari alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa. "Zimebaki tisa, bibi," alisema. "Na wiki nzima."

Bi Mwajabu alicheka kidogo. "Haya. Mpaka ni mpaka." Akachukua kipepeo cha ukili, akaendelea kujipepea.

Alifariki siku mbili baadaye, Jumatatu, saa saba mchana, juu ya mkeka uleule. Hospitali walisema ni presha, na kwamba ilikuwa ya siku nyingi. Wanawe walikubali, Mzee Khalfani alikubali. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyetamka neno feni. Ndiyo maana Shomari alilisikia kila mahali.

*

Walizika siku iliyofuata baada ya adhuhuri. Turubai likafungwa mbele ya nyumba, majamvi yakatandikwa, watu wakaja kutoka Temeke yote na ng'ambo zake. Jua lilipokaribia kuzama, kijana mmoja wa mtaa akaleta taa kubwa, zile za uwanjani, akatafuta pa kuchomeka.

"Usichomeke hiyo," Shomari alimwambia.

"Braza, watu wanakaa gizani."

"Nimeleta taa za kuchaji nne. Kasimiri kazichaji kazini kwake. Zinatosha."

"Zinatosha kutafutia ndara zilizopotea," mtu mmoja alisema, na wengine wakaguna.

Shomari alizitundika taa zake kwenye nguzo za turubai, akijua zilivyokuwa hafifu. Hakuwa bahili. Alikuwa akipiga hesabu moja tu kichwani tangu Jumatatu: yule bibi alitoa feni yake. Alitoa feni, akatoa cherehani, na huenda akatoa kingine kikubwa zaidi. Wakivuka sasa, siku nne kabla ya mwisho, basi alivitoa bure. Hilo aliapa halitatokea maadamu yeye yuko hai.

"Hata maiti mnambania umeme," sauti ya mwanamke ilisema ndani. Adelina, ambaye miezi mitatu hakumpa Shomari neno jema, ndiye aliyejibu.

"Mwacheni kijana. Nyie hamkai humu."

Miongoni mwa waliokuja alikuwemo Abdulrahman, mtoto wa kaka wa Bi Mwajabu, mtu mzima wa Gongo la Mboto mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Shangazi alimlea miaka mitatu katika nyumba hii. Shomari alimwona akiingia ukumbini kunawa mikono, akasimama mbele ya mita. Alisoma namba, alisoma beti, alitazama ile balbu moja yenye mwanga wa mshumaa, kisha akatoa simu akapiga picha ukuta.

Amelipenda beti, Shomari aliwaza. Na katikati ya msiba, moyo wake ukafurahi.

Siku ya tatu ilisomwa hitima, turubai likashushwa, masufuria yakarudishwa kwa wenyewe. Uniti zilizonunuliwa: sitini na sita, palepale. Nyumba ilikuwa na uniti nne na siku mbili. Kasimiri alitazama mita, akampiga Shomari begani kwa kiganja kigumu kama ubao. "Fundi nguo anatimiza ahadi," alisema. "Dunia inakwisha."

Simu ya Shomari ikalia. Ujumbe ulikuwa mrefu.

*Fundi, poleni tena. Juzi nimeona aibu yenu nikaibeba mimi. Nyumba ya shangazi yangu haina luku hata ya kuwashia wageni taa, na nyie mnashindwa kusema. Huu ndio ubani wangu, rambirambi ya uniti themanini na nne. Namba ya mita nimeipata ukutani, ya simu yako nimepewa msibani. Ingiza hizo tarakimu ishirini hapo chini, shangazi asililiwe gizani.*

Shomari aliusoma akiwa amesimama. Akausoma tena akiwa ameketi kwenye kizingiti, bila kukumbuka alivyoketi. Akampigia.

"Kaka Abdulrahman."

"Fundi! Zimeingia?"

"Kaka… hii inaweza kurudishwa?"

"Irudishwe kwa nini? Usione haya, mdogo wangu. Ubani haurudishwi." Sauti ikapungua. "Yule alikuwaga mama kwangu. Alinishonea kaptula yangu ya kwanza ya shule. Niache nimwashie taa."

Maneno yote yenye ncha aliyokuwa nayo Shomari hayakuwa ya mtu huyu. Utamkaripia vipi mtu aliyefiwa kwa sababu ametoa ubani?

"Asante, kaka," alisema. "Mungu akulipe."

*

Hakuziingiza zile namba. Nyumba ilimaliza mwezi kwa zile uniti nne, na tarehe mbili mwezi wa pili Shomari alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Moyoni alikuwa na tumaini moja, jembamba kama uzi: umeme ambao haujaingizwa haujatumika.

Herieth alimkumbuka. Akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena.

"Mwezi wa kumi na moja mko vizuri. Wa kumi na mbili vizuri. Wa kwanza…" Akamgeuzia kioo, jambo ambalo pengine hakuruhusiwa. "Mia na hamsini, kaka."

"Hatujazitumia! Themanini na nne zote ziko kwenye simu hapa, tazama, hakuna hata tarakimu moja iliyobonyezwa. Futa. Zifute, mie sizitaki."

"Mfumo unahesabu mlichonunua, siyo mlichowasha."

"Sie hatukununua! Ule ulikuwa ubani. Tulifiwa, mtu kaja kuhani, katoa ubani. Ungekuwa mchele je, mngetuhesabia na mchele?"

Watu wa foleni wakageuka. Mlinzi akasogea hatua moja. Shomari alikuwa ameshika ukingo wa dirisha, na sauti yake ikapanda bila ruhusa yake. "Kuna bibi kazima feni yake miezi mitatu kwa ajili yenu! Miezi mitatu, na jua hili! Mnasema mnabeba mzigo wa mnyonge. Mmeubeba wapi? Mmeubeba kutoka kwa nani? Mtu akitusaidia ndiyo tunaadhibiwa!"

Herieth alimwashiria mlinzi arudi. Akangoja mpaka Shomari akaishiwa pumzi.

"Mie napanga Manzese," alisema taratibu. "Vyumba saba, mita moja. Nalipa bei hiyohiyo unayolipa wewe, na kutwa nakaa hapa nawaeleza watu bei ndogo inavyopatikana." Akachukua karatasi, akaiandika tarehe, akaisukuma chini ya kioo. "Mnaanza moja. Mwezi huu mpaka wa nne. Pole na msiba."

Afadhali angemtukana. Kwa tusi alikuwa na majibu kumi.

*

Walikuwa ukumbini wakimngoja: Adelina, Kasimiri, na Mzee Khalfani kwenye kiti chake, bakora katikati ya magoti. Shomari aliwaambia yote, bila kupamba. Alipofika kwenye namba iliyoandikwa ukutani na picha aliyoiona ikipigwa, akasema pia kwamba wakati ule yeye alifurahi.

"Kwa hiyo tuzime miezi mingine mitatu?" Adelina aliuliza.

"Hizo namba unazo?" Mzee Khalfani alisema.

"Ninazo."

"Zikae kwenye simu zifanye nini? Mtu kamtolea shangazi yake. Ingiza."

Shomari alisimama mbele ya mita, chini ya beti lake, akabonyeza tarakimu ishirini mojamoja. Mita ikalia, namba zikapanda. Themanini na nne na nukta zake. Hawakuwa wamewahi kuona namba kubwa kiasi kile kwenye kile kidirisha.

Adelina alikwenda kuchomeka friza. Lilitetemeka, likakohoa, likaanza kunguruma. Mzee Khalfani alinyanyuka, akaingia chumbani kwake. Wakamsikia akihangaika na waya. Aliyeuzungusha shingoni mwa feni alikuwa amekaza. Kisha feni ikaanza kuzunguka.

Shomari aliingia chumbani akavua shuka kwenye mashine. Akatafuta spana, akaanza kufungua bolti za mota. Ya kwanza, ya pili. Alikuwa akifungua polepole, na kwenye bolti ya tatu akagundua kwa nini: masikio yake yalikuwa mlango wa pili, yakingoja mzee aseme basi, acha.

"Unafanya nini huko?" Mzee Khalfani aliuliza kupitia ukutani.

"Nafanya nilichosema."

Feni ilizunguka.

"Umesema mbele ya watu," mzee alijibu. "Siwezi kukuzuia nikakuvunjia heshima." Akakohoa. "Kasimiri, msaidie. Hiyo kitu nzito."

Kasimiri alikuja, hakutania. Wakaibeba wawili, meza mbele mota nyuma, wakipita ukumbini kwa mwendo uleule waliotokea nao wiki iliyopita wakiwa na jeneza. Kule Manzese alikuwepo fundi aliyekuwa ameiulizia tangu mwezi wa kumi. Bajaji ikaja. Shomari aliifunga kwa kamba mwenyewe, mafundo manne, akaitazama ikikata kona.

Alipogeuka, Mzee Khalfani alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cheupe begani.

"Cherehani cha miguu kinabaki," alisema. "Alikupa yeye, mie simo. Hiki nishonee kanzu ya arobaini." Akamwekea kitambaa mikononi. "Na usiniambie njoo kesho."

"Mikono mirefu au mifupi, mzee?"

"Mirefu."

Kabla ya kukata kitambaa, Shomari alichukua kisu cha Kasimiri akaenda kwenye ukuta. Alikwangua namba ya mita mpaka udongo ukaonekana. Beti aliliacha. Kisha akaketi kwenye cherehani cheusi, akatia uzi, akaweka miguu yake palepale alipokuwa akiweka yake yule bibi, na kuanza kukanyaga. Magoti yalimuuma kuanzia mshono wa kwanza.

Ng'ambo ya ukuta feni ilizunguka kutwa, mwendo wa mwisho, na hakuna aliyemwambia mzee aizime.